Maua ya Bure

Kija alitaka maua tu. Maua madogo ya kuzungusha pembeni mwa ratiba ya mazishi ya Mama Awuor, ambaye saa tisa mchana angesafirishwa kwenda kuzikwa kwao Shirati. Mwana wa marehemu, Bwana Odera, angekuja kuzichukua nakala za ratiba saa nane. Mama Bernadeta, mwenye duka hilo la kuchapa pale Nyamagana, alikwisha kumwonya Kija kabla ya kwenda Igoma: "Kazi hii ikiharibika, mwanangu, urudi kwenu Magu."

Programu ya maua ilikuwamo kwenye sidii iliyokuja na gazeti la kompyuta, bure. Mwaka ule wa tisini na tisa vitu vingi viliingia mjini vikiitwa vya bure, nasi hatukuwa tumejifunza kuuliza. Kija akaitia kwenye kompyuta ya duka.

Programu ikaanza maswali. Unakubali? Na hiki tukuwekee? Na kile? Sasa Kija amelelewa Usukumani. Huko mtu akikusalimu ataulizia nyumba, watoto, ng'ombe na mvua, nawe unaitikia "mhola", yaani salama, mpaka mwisho, hata kama ndani kuna mgonjwa. Kukatiza salamu ni kukosa adabu. Shida husemwa baadaye, ukiulizwa una lipi. Kija akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, akingoja aulizwe lake.

Hakuulizwa. Maua yalikuja, kweli, lakini yaliongozana na mbwa wa njano mwenye kofia, saa inayowika kama jogoo, na meza ya kamari. Alipofunga kamari, likafunguka tangazo la tiketi za ndege. Alipomfukuza mbwa, mbwa akamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo, wakaja mbwa wawili. Kija hakuelewa. Amekubali nini, saa ngapi, na hawa wamealikwa na nani? Akaizima kompyuta, akaiwasha tena. Jogoo akawika, kisha kila kitu kikaganda, na ratiba humo humo ndani. Alitaka kulia.

Saa nane Odera akaingia, suti nyeusi, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari za kazi?"

Neno "nzuri" lilikwisha kumfika ulimini. Kija akalimeza.

"Mbaya, baba. Ratiba sina hata moja. Nilikubali kila nilichoulizwa, sasa sijui nilikubali nini."

Akangoja kugombezwa. Odera akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Musoma.

"Leo siku ya nne watu wananiuliza habari, nami nasema nzuri. Mama yangu yuko mochwari, nasema nzuri. Wewe ni wa kwanza kusema kweli."

Kisha akanyoosha kidole chini ya meza, ilipokaa mashine ya taipu ya zamani. "Hiyo nayo inauliza maswali?"

"Haiulizi, baba."

"Basi andika, nitakutajia. Nakala tutatoa hapo jirani."

Kija akaipangusa vumbi, akatia karatasi. Odera akaanza kutaja jina la mama yake, likamkwama katikati. Kija akangoja, vidole juu ya herufi, wala hakumharakisha.