Mkono wa Dada

Uzi mmoja, sindano za namna moja, mchoro uleule wa majani: wape ndugu wawili waliotoka tumbo moja, na kila mmoja atakutolea nguo yake. Wafumaji huliita jambo hili mkono. Kuna mkono mlegevu na kuna mkono unaobana, na mtu haujui wake mpaka auone karibu na wa mwenzake.

Ndivyo walivyokuwa dada wawili wa nyumba yenye chumba cha mbele na dirisha pana. Mkubwa alikuwa na mkono mwepesi, na lesi yake ilimwangukia mtu mwilini bila kumkaba popote. Majirani walimwita Matundu kwa sababu, walisema, ndiye peke yake mtaani anayelipwa ili atoboe nguo. Mdogo alibana. Kofia alizofuma ungeweza kutekea maji. Yeye aliitwa Kaza, na aliyempa jina hilo ni dada yake mwenyewe.

"Mdogo wangu, huo uzi hautakimbia," Matundu alizoea kumwambia. "Ulegeze upumue."

Kaza alicheka, lakini kicheko cha meno. Kwa miaka thelathini alifuma masweta ya shule na kofia za watoto wachanga, huku mabibi harusi wakipita mbele ya kiti chake kwenda kwenye kiti cha dada. Mteja aliyekuja kuchukua lesi yake aliiinua dirishani, akaitazama, akanyamaza. Kaza hakuna alichokitamani duniani kama kunyamaziwa hivyo hata siku moja.

Wasidhani watu kwamba waligombana. Lesi ikitoka sindanoni ni kitu cha aibu, imejikunyata, utadhani tambara la kufutia meza. Waliiloweka kwenye beseni, wakaikamua ndani ya taulo, kisha wakaitandaza kitandani na kuivuta kwa pini pande zote. Hapo majani yalifunguka moja moja na kila tundu likakaa mahali pake. Hata siku walizonuniana waliifanya kazi hiyo pamoja, huyu upande huu wa kitanda, yule upande ule, na kufika pini ya mwisho walikuwa wameshaanza kumsengenya mteja, hasa yule aliyeifua shali yake kwa maji ya moto akairudisha imekuwa saizi ya mwanasesere, anadai eti imeibwa nusu.

Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Katika nyumba nzima hapakuwa na kipande hata kimoja cha lesi ya Matundu. Zote zilikwenda na wenyewe. Kwa hiyo binti yake wa pekee alipochumbiwa, Matundu aliweka wateja kando. Alinunua uzi wote wa rangi ya maziwa uliokuwa dukani, wa pipa moja la rangi, maana mapipa mawili hayafanani hata muuzaji aape. Akaanza gauni kutoka pindo la chini kwenda juu. Miezi mitano alifuma. Alikuwa amepita magoti kidogo pale kiharusi kilipomkuta asubuhi moja mbele ya beseni.

Hospitali ilimrudisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoshikishwa na mtu. Maneno yalimrudia polepole. Mkono haukurudi. Daktari alimvuta Kaza kando ya korido akamwambia kwamba kidole kisichocheza hadi mwezi wa tatu tangu kiharusi, ni bora mtu asikingoje. Mwezi wa tatu ulikuwa umeshapita.

Siku hiyo Matundu aliomba aletewe nusu gauni lake. Alilipapasa kwa mkono wa kushoto, akamkabidhi mdogo wake.

"Malizia wewe," alisema. "Chini niwe mimi, juu uwe wewe. Mwanangu abaki na changu japo kimoja."

Kaza aliahidi, na alifurahi, wala si dhambi kulisema. Wiki ya kwanza aliimba. Kisha akaliloweka gauni, akalivuta kwa pini, na juu ya magoti pakatokea mstari unaozunguka gauni zima. Chini ya mstari majani ya dada yalikuwa mapana, yamejinyoosha. Juu yake majani ya Kaza yalikuwa membamba, yamebanana. Alifumua sehemu yake akachukua sindano nene zaidi, matundu yakawa makubwa na majani yakalegea kama mboga iliyonyauka. Akafumua tena. Akajaribu kulegeza mkono kwa kudhamiria, ila mkono wenye hofu hubana zaidi. Mara nne alifumua, na mara nne mstari ule ulirudi palepale.

Ilibaki miezi minne kabla ya harusi binti alipopanda juu ya stuli mbele ya kioo cha kabati. Fundi cherehani aliyeletwa na wakwe kupima kitambaa cha ndani alilizunguka gauni, akasema anaona magauni mawili yaliyogombana. Binti aligeuza uso. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia.

"Mama mdogo, mimi sitaki kuchekwa. Fanya ujuavyo, ila huu mstari usiwepo."

Kaza alikwenda dukani. Uzi wa pipa lile ulikuwa umekwisha, na huu mpya ulikuwa na umanjano. Nyumbani yalibaki madonge mawili tu. Kama uzi ungepatikana, angefuma gauni lingine zima na kipande cha dada kikakunjwa kikawekwa salama. Haukupatikana. Uzi wa kufumia gauni lisilo na mstari ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa ndani ya majani ya dada yake.

Mara mbili alisimama mlangoni kwa Matundu ili amwambie. Mara zote mbili alimuuliza kama anataka chai. Alijiambia kwamba dada asingependa mwanawe aaibike, na hilo lilikuwa kweli. Alijiambia kwamba dada hatajua, na huo ulikuwa ujinga wa mtu mzima. Na chini ya hayo mawili kulikuwa na la tatu ambalo hakujiambia kabisa: gauni zima la lesi, mwanzo mpaka mwisho, la mkono wake.

Basi akapiga moyo konde, akafunga mlango wa chumba chake, akafumua sehemu yake kwanza, kisha akavuta. Kazi ya dada yake haikumpinga. Hakukuwa na fundo wala mkwamo. Safu baada ya safu iliachia, uzi ukaja mikononi mwake kwa upole uleule uliofumiwa nao. Miezi mitano iliisha kabla ya chakula cha mchana. Alipobaki ameshika ncha ya uzi, Kaza alilia, kisha akanawa uso akaenda kupakua.

Alifuma kila siku mpaka viungo vya vidole vikavimba. Matundu akiuliza, aliambiwa bado mabega. Gauni lilipokwisha, Kaza alilivuta kwa pini peke yake, akizunguka kitanda mara upande huu, mara upande ule. Lilifunguka sawasawa toka pindo hadi shingo. Tuseme haki: lilikuwa gauni zuri, labda zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka nyumba ile. Aliliinua dirishani. Chumbani hapakuwa na mtu wa kunyamaza.

Siku yenyewe bibi harusi alivalia chumbani kwa mama yake. Matundu alimwita karibu, akashika pindo kwa mkono wa kushoto, akamwambia ageuke. Alikuwa anatabasamu.

"Kuna jani nililikosea huku nyuma," alisema. "Safu ya nne. Nililiacha hivyohivyo. Lina tundu moja pungufu."

Alilitafuta. Kaza, aliyekuwa anafunga vifungo vya shingoni, aliacha kufunga. Jani lile alikuwa ameliona. Alikuwa hata amecheka kidogo kwamba kumbe na dada hukosea, kisha akalivuta pamoja na mengine. Matundu alirudi mwanzo wa safu, akahesabu upya. Halafu akaacha kuhesabu, akasugua lesi kati ya kidole gumba na cha shahada, na tabasamu likamtoka.

"Changu kiko wapi?"

"Dada, mikono haikulingana," Kaza alisema. "Na uzi dukani ulikuwa umekwisha."

Bibi harusi alitazama ukutani. Kwa miezi minne hakuwa ameuliza mstari ulikwenda wapi. Matundu alilinyoosha pindo alilolikunja, taratibu, mpaka likakaa vizuri.

"Umependeza, mwanangu," alisema. "Nenda, usiwacheleweshe watu."

Ukumbini Kaza aliupenya ukuta wa watu akisukuma kiti cha dada yake, na hawajakaa sawa wanawake wakaanza kuja. Hongera, walimwambia Matundu. Tulisikia unaumwa, kumbe mkono wako uko palepale. Kaza, nyuma ya kiti, aliomba moyoni dada aitikie tu, yaishe. Lakini Matundu hakuwahi kuchukua cha mtu.

"Mpongezeni mdogo wangu," alisema, neno moja moja. "Kazi yote ni yake. Mimi simo."

Alilisema bila hasira, na kila aliyekuja alimwambia vilevile. Mimi simo. Wanawake wakamgeukia Kaza, wakamshika mabega, wakaitana. Mmoja aliinua pindo la bibi harusi kwenye mwanga, akalitazama, akanyamaza. Mwingine alitaka la binti yake liwe hilihili, hata kwa kungoja mwaka. Yote aliyoyatamani kwa miaka thelathini yalimfikia alasiri moja, na hakuweza kuyakimbia. Aliitikia asante, asante, huku ameshika mishikio ya kiti, maana dada yake hakuwa na mtu mwingine wa kumrudisha nyumbani.