Kidole cha Somo

Biharusi akishakabidhiwa kwangu haonekani na mwanamme, hashiki kazi, na simu yake nakaa nayo mimi, imezimwa. Ndiyo sheria ya somo, na mimi, Amne, nimewafunda wanawali wa Mji Mkongwe tangu simu zenyewe ni za kuzungusha kwa kidole. Kwa hiyo Himid alipokuja kusimama chini ya dirisha letu la Mkunazini, alasiri ya siku ya hina, akaanza kupiga kelele "Kawthar! Kawthar!", nilitoa kichwa na hasira zangu zote.

"Himid! Shikamoo umeisahau?"

"Shikamoo, Bi Amne. Mashine imegoma!"

"Marahaba. Igombeze, ni yako."

Himid ana kiwanda cha halua, uwani Vikokotoni. Mwaka 2004 alileta sufuria kubwa lenye mwiko unaozunguka kwa umeme, na ubavuni lina kioo cha kugusa. Hakuna swichi wala mkono wa kuvuta. Unagusa picha, moto unapanda. Unagusa nyengine, mwiko unapunguza mwendo. Aliyefunzwa na fundi kuiendesha ni Kawthar, huyu biharusi wangu, na Kawthar aliishika kazi ile vizuri mno. Tatizo lilikuwa Himid. Kila akipita hapo lazima aguseguse, moto uruke, halua iungue. Mwisho Kawthar akakitia kioo namba ya siri, na tangu siku hiyo halua ya Himid ikasifiwa mji mzima.

Na shukurani yake? Siku Kawthar aliyopeleka habari ya harusi, Himid alimwambia asirudi tena kazini. Eti mke wa mtu akili yake iko nyumbani, ataunguza sufuria. Mundhir, mume mtarajiwa, hakuwa na neno na kazi ya mkewe. Aliyekuwa na neno ni huyu muungwana chini ya dirisha. Kawthar alilia mpaka singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kung'arisha ngozi niliompaka usoni, ikanibidi niipake upya. Nilimwambia anyamaze, singo haiokotwi njiani. Lakini roho iliniuma.

"Imegomaje?" niliuliza, maana mtaa mzima ulikuwa umeshatoka madirishani na mimi sitaki kupitwa.

"Nilionja kidogo tu, Bi Amne! Kwa kidole. Nikakigusa kioo, kikaingia samli. Nikaona aibu, nikakifuta kwa upindo wa kanzu."

Sasa kioo cha kugusa kitajuaje kama unakifuta? Chenyewe kinahisi unakigusa tu. Himid kwa usafi wake alisimamisha mwiko, akapandisha moto, akabadilisha na lugha ikawa Kijerumani. Kawthar alipoondoka alikiacha kioo wazi kazi isisimame, lakini kikiguswa ovyo hivyo kinataka namba, na kikaitaka. Akajaribu mwaka aliozaliwa, kikakataa. Akajaribu mwaka aliozaliwa Kawthar, kikakataa.

"Nkikosea tena inajifunga mpaka aje fundi kutoka Dar! Na halua yenyewe ndiyo ya harusi! Pandu na Jaku wanakoroga kwa mkono, washachoka. Mwambie anipe namba!"

Nikageuka. Kawthar alikuwa amekaa mkekani, mikono na miguu imejaa hina mbichi, kaitandaza, hawezi hata kujikuna pua.

"Usimpe, Somo," alisema taratibu. "Akishaijua, mimi nitakuwa wa nini tena?"

"Na halua yako igande?"

Alinitazama, macho yakamjaa maji. Kisha akatabasamu. "Nenda wewe."

Mimi! Mimi ambaye hata redio nawashiwa. Akanivuta kwa macho nikainama, akaninong'oneza namba sikioni, na wewe msomaji usinitazame hivyo, sikwambii. Akanieleza na kitufe cha kijani cha mwisho, cha kuurudisha mwiko kazini. "Kila namba iguse kwa ncha ya kidole, kisha uiache. Usiikandamize kama unavyonikanda mgongo."

Miaka yote mimi ndiye ninayewafundisha wao kugusa taratibu.

Nikavaa buibui. Himid alitangulia mbio, akarudi, akatangulia tena. Mimi sikukimbia, somo hakimbii. Kiwandani niliwakuta Pandu na Jaku, vijana wake wa kazi, wameng'ang'ania miko, jasho linawatiririka, na halua imeshaanza kuwa nzito. Nikakifuta kidole changu kwanza, maana nilikuwa nimeshajifunza kwa makosa ya mwenzangu. Nikasimama mbele ya kioo. Nikagusa namba ya kwanza, nikaiacha. Ya pili, nikaiacha. Nilipofika ya mwisho nilikuwa nimesahau kupumua.

Kioo kikakubali. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani, lakini kijani ni kijani. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hawakuiona mashine ile. Nikakisogeza kidole changu juu ya kitufe, nikakisimamisha hapo hapo.

"Himid, baada ya fungate nani atasimama hapa?"

"Bi Amne, halua inaganda!"

"Naiona."

"Mume wake je?"

"Mumewe karidhia zamani. Nakuuliza wewe."

Himid akamtazama Pandu. Pandu akaitazama halua. Jaku, maskini, mwiko ulikuwa umeshamkwama, akasema, "Bosi, mjibu mtu mzima."

"Kawthar," alisema Himid, kwa sauti ya chini.

"Sikusikia. Masikio ya uzee."

"Atasimama Kawthar! Wallahi, Kawthar!"

Nikagusa. Mwiko ukatikisika, ukavuta pumzi, ukaanza kwenda. Jaku alikaa chini pale pale sakafuni. Himid akanifuata mpaka mlangoni, mpole kama maji mtungini, akitaka nimwambie namba, japo kwa tahadhari tu.

"Ya chumbani kwa biharusi, mimi siyatoi," nikamwambia.

Niliporudi nyumbani nikalivua buibui, nikabaki na kanga yangu nyeupe. Kawthar hakuuliza habari ya halua.

"Iliitika, Somo?"

"Iliitika. Na Himid kaitika. Utarudi baada ya fungate."

Alisahau kila nilichomfunda. Aliinuka na hina yake mbichi akanikumbatia kwa mikono miwili, akilia, na mimi nikamwacha. Ua la kiganja cha kulia likavurugika, likabidi lichorwe upya, na siku ya harusi mawifi waliuliza kwa nini kiganja kimoja kimekoza kuliko chengine. Nikawaambia waulize halua.

Kanga ile ninayo mpaka leo, na kiganja cha Kawthar, alama ya hina, kiko mgongoni pake. Kila nikienda Vikokotoni kununua halua najitanda hiyo hiyo juu ya buibui. Namsalimia Kawthar penye kioo chake, halafu nampa Himid mgongo, aone.