Kisanduku cha Salamu

Nyamvula alikuwa ameikalia mikono yake. Si mchezo, ndivyo anavyofanya kazi. Akimaliza kutengeneza ukurasa wa tovuti humtafuta mtu asiye na mazoea ya mambo hayo, akamtia simu mkononi, kisha akaikalia mikono yake mwenyewe isije ikamponyoka kwenda kumwonyesha mtu pa kubonyeza. Mtu akikwama, Nyamvula hasemi mtu hajui. Husema ukurasa ni mbovu.

Asubuhi hiyo mtu mwenyewe alikuwa Bi Mwanatabu, jirani yake hapo Junda, muuza mahamri na mbaazi. Alikuwa amejifuta unga kwa leso, ameishika simu kwa heshima zote. Ukurasa ulikuwa wa ofisi ya maji, na swali lilikuwa moja tu: Una tatizo gani? Chini yake kisanduku kidogo cha kuandikia jibu.

Na tatizo Bi Mwanatabu analo. Mfereji wa maji nyumbani kwake umekauka tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani, na bili yaja kila mwezi wala haisahau njia. Maji ananunua kwa wasukuma mikokoteni, na juzi bei ya mtungi imepanda tena. Unga upande, mafuta yapande, hayo ameshayazoea. Lakini kukanda mahamri kwa maji ya bei ile, wallahi, mwaka hautaisha kabla hajaifunga biashara. Nyamvula alilijua hilo, na lilimnyima usingizi, maana alipofika hapa kutoka Ganze na begi moja, hajui mtu, ni mahamri hayo hayo yaliyomtia nguvu, na Bi Mwanatabu ndiye aliyemwita mwanangu kabla ya kulijua jina lake.

Bi Mwanatabu akaandika kwa kidole kimoja, akijisomea kwa sauti. Assalaam aleikum. Hamjambo nyote hapo ofisini? Watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima wa afya, alhamdulillahi, hatuna neno, ila

Hapo kisanduku kikajaa. Akabonyeza tena, kikakataa. Akaona basi, ndio kimetosha, akatuma.

"Yamefika, mwanangu?"

Nyamvula akamwambia yamefika. Kilichofika ni kwamba Bi Mwanatabu hana neno.

Sasa usimcheke. Mtu wa Pwani humwendei na shida mdomoni kana kwamba umefukuzwa na mbwa. Utamsalimu, utamuuliza watu wa nyumbani, naye akikuuliza hali utamjibu salama, hata kama paa limekwenda na upepo. Shida hufuata baadaye, polepole, baada ya hiyo "ila". Jana yake Nyamvula alikuwa amewajaribu Mzee Kiponda fundi viatu na Rahima mshonaji, nao mambo yakawa yale yale. Kiponda alikuwa amefika kwenye kuulizia mvua kisanduku kilipomfungia. Ukizisoma barua zao huko ofisini utasema Junda yote inaoga mara tatu kwa siku.

Kukirefusha kisanduku haikuwezekana. Mtambo wa ofisi ulikuwa haupokei maneno marefu, na mwenye mtambo hakutaka uguswe. Basi Nyamvula akakaa pale kizingitini na kompyuta mapajani, akafikiri, akaandika juu ya kisanduku maneno ya ofisi yenyewe kumsalimu mtu kwanza: Assalaam aleikum, hujambo? Tueleze shida yako. Akajiona bingwa.

Bi Mwanatabu alipoyasoma uso ulimchanua. Kumbe wana adabu hawa, akasema. Kisha, kwa kuwa salamu haiachwi hivi hivi bila kujibiwa, akawajibu: wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, sijambo sana wanangu, nawashukuru kuniuliza. Kisanduku kikajaa tena. Nyamvula alicheka hadi machozi, na Bi Mwanatabu naye akacheka bila kujua wanachekea nini.

Ndipo akatia visanduku viwili. Cha kwanza juu yake akaandika: Hujambo? Tupe salamu zako. Cha pili: Sasa tupe shida. Jambo dogo, hata nusu saa halikumchukua. Bi Mwanatabu akazimwaga salamu zake zote kwenye kile cha kwanza, akatulia, akashuka kwenye cha pili. Hapo pakawa hapana tena wa kumsalimu. Akaandika kwamba mfereji wake hautoi maji tangu kabla ya mfungo, bili analetewa, mtaa mzima ndio hivyo, na mkono unamuuma kwa kubeba mitungi. Tafadhalini wanangu, akamalizia. Nyamvula alisoma hadi mwisho. Akapita kwa Kiponda na kwa Rahima, nao wakajaza bila kukwama. Akateremka kazini kwake Bombolulu na furaha yake yote.

Winfred, mwenye kampuni ndogo iliyomwandika kazi, mtu wa Machakos mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, hakuelewa kisanduku cha salamu ni cha nini. Lakini akasema iko fiti, wacha buda aone mwenyewe.

Buda alikuwa Bwana Absalom, meneja wa ofisi ya maji, aliyefika alasiri ameketisha miwani juu ya kipara. Kwanza alitaka picha yake pale ukurasani iongezwe ukubwa. Halafu akafungua salamu za wale watu watatu wa Junda, akazisoma moja moja, akafurahi. Alifurahi kweli, si kwa kujifanya. Alisema kwa miaka yote aliyokaa kazini hajawahi kuulizwa watoto wake hali.

Kisha akafungua shida. Akasoma ya Bi Mwanatabu, akasoma ya Kiponda, akaishusha miwani. Akauliza hizi zitakuwa zikifika wapi. Nyamvula akamwambia zitafika mezani kwake.

"Hiki cha salamu ni kizuri, kiacheni," akasema. "Hiki cha pili tutakiweka awamu ya pili, bajeti ikiruhusu."

"Lakini, Bwana meneja, watu wanasalimu ili wapate kusema. Ukikitoa hiki umewaacha mlangoni."

Akamjibu kwa upole kwamba wiki ijayo anapeleka ripoti kwa wakubwa wake, na wakubwa wanataka kuona wananchi wameridhika. Si mtu mbaya yule, na hapo ndipo palipouma. Alimshukuru Nyamvula kwa kazi, akamuuliza kwao ni wapi, akampa na salamu awapelekee wazee wake.

Winfred alimtazama kwa jicho la kuomba. Wafanyakazi wake wengine walikuwa wameinama kwenye kompyuta zao, kila mmoja na nyumba inayomtegemea. Nyamvula akakifuta kisanduku cha pili kwa mkono wake mwenyewe. Alijichukia.

Alimkuta Bi Mwanatabu kwenye mbuzi, akikuna nazi kabla ya magharibi. Akamweleza yote, hakumficha hata kwamba aliyefuta ni yeye. Alingoja akemewe. Bi Mwanatabu akaendelea kukuna hadi kifuu kikabaki kitupu.

"Kwa hivyo wao wataka salamu tu."

"Ndiyo, mama."

"Hebu lete hiyo simu."

Akaandika polepole, akafuta, maana kidole kilikuwa kimeanza na assalaam kwa mazoea. Akaanza upya. Nyamvula alipotazama, kwenye kisanduku cha salamu palikuwa na maneno haya: Sisi huku si wazima. Neno tunalo. Maji hakuna.

Bi Mwanatabu akatuma, kisha akajifunika uso kwa leso. Umri wake wote hajapata kumjibu hivyo mtu aliyemuuliza hali, hata mwaka ule alipomzika mumewe na waliomjia wote wakaambiwa salama, tumshukuru Mungu. Akasema amewavunjia adabu watoto wa watu. Mabega yalikuwa yakimtetemeka, na Nyamvula akamkumbatia hivyo hivyo, nazi ikiwagandia nguoni, akamwambia hakumvunjia adabu mtu. Akalia na yeye.

Walipotulia, Bi Mwanatabu akajifuta, akavuta kizio kingine cha nazi.

"Kamwite Kiponda," akasema. "Na Rahima pia. Waambie ofisi ya maji yawauliza hali, waje wajibu."