Moyo wa Lori

Fundi Mbwana, aliyeitwa kutoka Handeni, alifungua boneti ya lori kuukuu la kusombea mkonge kwenye shamba moja nje ya Korogwe. Lori lilikuwa linakosa nguvu likipanda kilima. Kuitafuta pampu ya dizeli kwenye lori la zamani si kazi: unafuata vibomba vya chuma vinavyotoka kwenye nozeli, na vinakokutana ndipo ilipo. Mbwana alivifuata hadi ubavuni mwa injini, akakuta vimekutana kwenye moyo wa mtu. Ulikuwa umefungwa kwa bolti na unadunda vizuri, ila umechoka.

"Pampu yenyewe iko wapi?" aliuliza, akijifuta grisi.

"Atakuwa nayo Yordani," alisema msimamizi, Bwana Muhidini.

Yordani ndiye dereva wa lori hilo. Kila asubuhi Muhidini alikuwa akimfokea, "Weka moyo kwenye kazi, bwana!" Yordani, mtiifu kupita kiasi, aliuweka.

Mkewe, Grasiana, alitoka mbio kambini na kanga moja. "Shikamoo, fundi. Nakuomba umrudishie. Kifuani anatoa moshi tu. Juzi tumemzika mama yake, hata chozi! Wanawe anawatazama kama anakagua matairi."

"Marahaba, mama. Hiyo ni kazi ya spana tu," Mbwana alisema. "Namrudishia sasa hivi."

Muhidini alikataa. Pampu ile ilikuwa inakunywa mafuta, moyo haunywi. Isitoshe, mkonge ukishakatwa hausubiri mtu. "Kazi ni utu, mama," Muhidini, mtu mzima hovyo, ambaye hajawahi kushika hata sime, alimkumbusha Grasiana. Mwisho alikubali jambo moja: Jumapili, lori likiwa limeegeshwa, Yordani apewe moyo wake aende nao kanisani.

Jumapili ya kwanza Yordani alimlilia mama yake tangu ibada mpaka jioni. Iliyofuata aliwabeba wanawe mgongoni, akamwambia Grasiana kisamvu chake kitamu, na Grasiana akaingia jikoni kulia kwa furaha.

Kisha ikaja oda kubwa ya katani, na lori likaanza kufanya kazi hata Jumapili. Grasiana alikwenda ofisini, akasema yote yaliyomkaa rohoni, machozi yakimtiririka. Muhidini alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akamsifu kwamba ana moyo wenye nguvu kweli, akasimama, akamwomba waende wote nje akaliangalie trekta la shamba, nalo limeanza kukosa nguvu.