Jefwa Nyale ni Wangapi?

Baba yangu aliniachia vitu viwili: studio ya picha huku Shela, Malindi, na hasira. Studio imechakaa, hasira ingali mpya. Mtu akiniletea printa iliyojaa mchanga kisha akaniambia "imejiharibikia tu", humjibu papo hapo kwamba mashine haiendi ufukweni kwa miguu yake. Ndiyo maana wateja wangu ni wale wasio na pengine pa kwenda. Bahati nzuri, kwa printa za leza, kuanzia Mambrui hadi Watamu, wengi hawana pengine pa kwenda.

Siku hizi sipigi picha sana, kila mtu ana simu. Natengeneza printa, natoa fotokopi, najazia watu fomu. Na nina tabia moja ambayo dada yangu huiita ubahili: nikijaribu printa niliyoifungua, siharibu karatasi mpya. Naingiza ile ile, mara kumi, mara ishirini, mistari juu ya mistari, mpaka inakuwa nyeusi kama tako la sufuria.

Karatasi ya namna hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye benchi Jumanne moja asubuhi, alipoingia Nelly, mwalimu kutoka Dabaso, kutoa nakala za vyeti vyake. Alikuwa amemshika mkono mama mkwe wake, bibi mmoja wa Kigiriama aitwaye Kahonzi, ambaye macho yake yaliharibiwa na presha ya macho na sasa haoni kitu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa. Mkono wake ukaiangukia ile karatasi, akaichukua na kuanza kuipapasa taratibu, kama mtu achaguaye kitambaa dukani.

"Hapa pameshonwa nini?" akauliza.

"Hapajashonwa kitu, mama. Hiyo ni ya kutupa."

"Mbona ina mistari? Huu umelala, huu umesimama. Na hapa pembeni pana duara."

Niliacha bisibisi ikaanguka. Karatasi ya majaribio ina mistari iliyolala, mistari iliyosimama, na duara pembeni. Nilimnyang'anya, kwa adabu kidogo tu, nikafumba macho nikapapasa mwenyewe. Wallahi, ilikuwepo.

Sijui kwa nini sikuwa nimeliwaza miaka yote hiyo. Ndani ya printa mna mwale mmoja mwembamba wa leza. Unauchora ukurasa kwenye dramu, ile silinda inayozunguka, na pale mwanga ulipogusa ndipo tona, ule wino wa unga, unaponata. Halafu unga huo unayeyushwa kwa moto na kugandishwa kwenye karatasi. Ukipitisha mara moja, hausikiki. Ukipitisha mara ishirini pale pale, unga juu ya unga, inakuwa kama uji uliokauka kwenye mwiko.

"Kwa hivyo," akasema Nelly polepole, "unaweza kuchapa picha ya kupapasa?"

Nilikuwa karibu kumjibu kwamba mimi si mganga. Lakini Bi Kahonzi alikuwa ameinua uso.

"Uso wa Jefwa?" akasema.

Nelly akanieleza. Jefwa Nyale, mume wa Bi Kahonzi, alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Picha yake moja waliyokuwa nayo iliungua pamoja na nyumba.

"Sauti yake ninayo," Bi Kahonzi akasema. "Kikohozi chake ninacho. Mwendo wake nikiusikia hata ahera nitaujua. Uso ndio unaonitoka, mwanangu. Yalianza kwenda macho yake. Juzi nimeitafuta pua yake humu kichwani, nimeikosa. Nikimaliza kuupoteza, nitakuwa na mume gani?" Akagonga benchi kwa kidole. "Picha ile alipigiwa papa hapa. Babako alimvika lile koti lake la studio, akamkaripia akae wima."

Huyo alikuwa baba yangu kabisa. Nikaahidi, na mimi si mtu wa kuahidi.

Negativu za baba, zile filamu za picha alizopiga, ziko katika maboksi mvunguni mwa kitanda chake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama siku tatu mpaka kiuno kikanikataa. Nusu yake zimeliwa na ukungu, na nilishapanga kuzitupa zote kabla ya Ramadhani. Siku ya tatu nikapata bahasha yenye mwandiko wa baba: *Jefwa Nyale*. Mwaka ulikuwa umefutika. Nikaiinua negativu dirishani: mzee mmoja, amekaa wima, amevaa koti la studio. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Kazi ikaanza. Nilidhani ni kuichapa picha mara ishirini tu, basi. Nilipoipapasa, nilikuta kivuli chini ya pua kimekuwa kilima, pua yenyewe imekuwa shimo, na nyusi zimetoka mbele kama kibaraza. Mashine haijui pua. Inajua weusi na weupe. Ikabidi niuchore uso upya kwenye kompyuta, tabaka kwa tabaka: karatasi ikipita mara ya kwanza ichapwe kichwa kizima, ya pili mashavu na paji, mpaka mara ya ishirini na nne ibaki ncha ya pua peke yake. Nilijifunza kwa kupapasa uso wangu mwenyewe nimefumba macho, na jirani aliyenichungulia akaenda kutangaza kwamba Shekha wa studio amerukwa na akili.

Tena karatasi ilikuwa ikisogea unywele mmoja kila inapopita, na unywele mmoja unatosha kuihamisha pua shavuni. Nikaitengenezea fremu ya kuibana. Moto ukaikunja, nikawa nailaza chini ya mawe ya mizani ipoe kabla ya kurudi ndani. Mwisho nikaifungua sehemu ya leza na kuifungia kidude cha kupandisha na kushusha mwanga, ili mashavu yateremke polepole, yasikatike kama ngazi. Niliharibu dramu mbili. Niliitukana ile printa kwa maneno ambayo baba angeyatambua.

Baada ya wiki mbili nikampigia Nelly simu. Walikuja asubuhi. Nikaiweka picha mapajani mwa Bi Kahonzi, nami nikasimama nikisubiri kusifiwa.

Alianza na paji. Akateremka puani, akatulia. Akaenda sikio la kushoto, akaenda la kulia, akarudi la kushoto.

"Masikio yote mazima," akasema. "Huyu si Jefwa wangu."

"Mama, ni yeye. Imeandikwa Jefwa Nyale."

"Jefwa wangu sikio la kushoto liling'atwa na mbwa akiwa mtoto. Lina pengo hapa, kidole changu kinaingia."

"Mimi nimeusoma mwandiko wa baba yangu! Jefwa Nyale!" Sauti ilikuwa imeshapanda. Nelly akaangalia sakafu.

Bi Kahonzi akaanza kucheka, kicheko cha kumtikisa mabega.

"Jefwa Nyale ni wangapi, mwanangu? Mume wangu ni Jefwa, mwana wa Nyale. Nyale ni mwana wa Jefwa. Na huyo Jefwa naye babake ni Nyale. Sisi mtoto humpa jina la babu yake. Hata mjukuu wangu, mtoto wa huyu Nelly, ni Jefwa Nyale, na yuko darasa la pili. Umenichapia babu yake mume wangu!"

Na koti lilikuwa moja kwa wateja wote, kwa hiyo koti halikunisaidia. Mimi, mwenye kuuliza watu mpaka wanakimbia, sikuwa nimeuliza alama hata moja. Nilikasirika, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumkasirikia nilijikasirikia mwenyewe, jambo nisilolizoea.

"Nipe hiyo niitupe," nikamwambia.

"Uitupe?" Akaikumbatia. "Huyu hakuna hata mmoja kwetu anayemjua uso. Sote twaitwa watu wake na hatumjui. Naenda naye nyumbani. Lakini, mwanangu," na hapo kicheko kikaisha, "wangu nitafutie."

Nilirudi mvunguni. Boksi la mwisho lilikuwa limeegemea ukutani, pale maji ya mvua yanapoingia, na niliogopa kulifungua. Bahasha ilikuwepo, *Jefwa Nyale* mwingine, mwandiko ule ule. Negativu ilikuwa imegandana na karatasi. Niliitenga kwa maji na kwa subira ambayo si yangu, nikaiinua dirishani. Mtu wa makamo, amekaa wima, koti lile lile. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo.

Nikakaa sakafuni nikalia, na sioni aibu kusema.

Ila ukungu ulikuwa umemfika. Kidevu chote, mpaka nusu ya mashavu, kilikuwa kimejaa vidoa vidogo vidogo. Kila nilipovisafisha kwenye kompyuta, mdomo ulipoteza umbo lake, akawa mtu mwingine. Nilijaribu siku nne. Mwishowe nikaona heri Jefwa mwenye madoa kuliko mgeni msafi, nikachapa. Vidoa vikapanda pamoja na uso, tabaka kwa tabaka, na kidevu kikatoka kikikwaruza kama tupa. Nilijiandaa kuomba radhi.

Safari hii sikusimama nikisubiri sifa. Nilikaa kwenye benchi pembeni yake. Bi Kahonzi alikwenda moja kwa moja kwenye sikio la kushoto. Kidole kikaingia kwenye pengo, kikabaki humo. Akashusha pumzi ndefu. Nelly akamshika bega.

"Ndiye," akasema.

Vidole vikapanda kwenye paji, vikafuata nyusi, vikashuka puani. Hapo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeona kitu alichokuwa amekiweka mwenyewe na kukisahau. Vikapita mdomoni. Kisha vikafika kidevuni.

Nilifungua kinywa nimwambie ni ukungu, ni uzembe wangu wa kuacha boksi ukutani, kwamba nitajaribu tena. Alikuwa akikisugua kile kidevu mbele na nyuma, mbele na nyuma, machozi yakimtiririka na meno yote yako nje kwa kicheko. Nikafunga kinywa. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu.

"Wewe Jefwa," akamwambia, "si nilikwambia unyoe kabla hujaenda Malindi?"