Siku Hezroni Alipotakiwa Kukosa

Angetile hakujua kushangilia kidogokidogo. Mdogo wake Hezroni alipoinua mkuki wake wa mwanzi, yeye alikwisha kusimama, nguo kaikaza kiunoni, vidole bado vina udongo wa vyungu, akimwambia kila aliye karibu, atake asitake, kwamba yule pale wamezaliwa tumbo moja. Wageni kutoka kijiji cha Talatala, waliokuja kushindana, walimwona kero. Watu wa kwao walimpenda, ila hakuna aliyegombania kukaa karibu naye.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa pete. Upande mmoja walisokota maganda makavu ya mgomba, wakapata pete ya upana wa ungo mdogo, wakaiviringisha uwanjani kwa nguvu. Upande wa pili walisimama kwenye mstari na kujaribu kupitisha mikuki katikati yake kabla haijaanguka. Anayesimama mbele kabisa ndiye anayekutana nayo ikiwa bado kali, inarukaruka, na hapo ndipo Hezroni aliposimama. Tangu mavuno ya mwaka uliopita alikuwa hajakosa. Watu walitoka mbali, hata Ipyana, kuja kumtazama. Wazee waliozoea kusema kwamba mikono ya vijana wa siku hizi ni ya uji walinyamaza, na jumbe mwenyewe akamvisha mkanda wa shaba mbele ya umati. Angetile alilia siku ile, na alilia tena kila alipoisimulia, na alikuwa anaisimulia sana.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Wanaume walichukuliwa, hawa kubeba mizigo, hawa kushika bunduki, wakavushwa ng'ambo ya mto Songwe, na kijijini hapo hakuwahi kurudi hata mmoja. Kwa hiyo iliposikika kwamba Bwana Mkubwa wa boma anakuja kutazama mchezo wa pete, jumbe hakufurahi. Mkalimani wa boma alimnong'oneza alichokuwa ameshakihisi: mwenye jicho na mkono mzuri ataondoka na askari siku hiyohiyo. Jumbe akawaita wachezaji wa pande zote mbili nyumbani kwake. Wenyeji na watu wa Talatala, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya nani aanze, walikubaliana mara moja. Wote wakose.

Hezroni alimwambia mkewe Marta, aliyekuwa na mimba kubwa, akiogopa kujifungua mume akiwa vitani.

"Na wifi je?" Marta akauliza. "Hutamwambia?"

Hezroni akacheka. "Dada? Ukimwambia dada, umeliambia boma."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo Angetile alivyokwenda uwanjani bila kujua lolote, kachana nywele vizuri kwa sababu Mzungu anakuja kumwona ndugu yake.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba za wafinyanzi, mwendo mfupi tu kutoka kwa Marta, ambaye alibaki nyumbani kwa uzito wa mimba. Bwana Mkubwa akakaa kwenye kiti cha kukunja. Pete ya kwanza ikaja, na Hezroni akatupa nyuma yake kabisa. Angetile akasema ni upepo. Ya pili, mkuki ukachoma majani. Akasema jua limemwingia machoni. Watu wa Talatala nao walikuwa wanatupa ovyo, lakini hilo Angetile hakulishangaa, maana kwa maoni yake walikuwa hawajui kutupa tangu wazaliwe.

Hezroni alipokosa tena, mwanamke mmoja wa Talatala, Anyisile, ambaye Angetile alizoea kubadilishana naye chungu kwa maharage ya kukijaza, alimgeukia akiwa anatabasamu.

"Dada wa mkanda wa shaba, ugonile, umelalaje? Au wenu bado amelala?"

Wanawake waliokuwa pale wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida cha uwanjani, kisicho na ubaya, na siku nyingine Angetile angekilipiza palepale yakaisha. Lakini siku hiyo kilimchoma. Alikuwa amemsifu yule kijana kila mahali, tangu kwenye shimo la udongo hadi sokoni, na sasa kwenye macho ya wageni alionekana mwongo.

Bwana Mkubwa alipiga mwayo. Akasema neno moja, akainuka, na askari akakikunja kiti. Mzee mmoja pembeni ya jumbe alifumba macho kama mtu anayeshukuru. Ilibaki kidogo mno aondoke zake! Mtu mwingine yeyote angeona kwamba uwanja mzima umeshusha pumzi. Angetile aliona kiti tu.

Akatoka katikati ya watu, akaingia uwanjani.

"Mwambie Bwana Mkubwa asiondoke!" akamwambia mkalimani. "Huyu hajawahi kukosa. Leo anacheza na nyinyi tu. Mpeni pete nyingine!"

"Mama, rudi ukakae," mkalimani akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Unikalishe kwetu? Mwambie!"

Mkalimani hakutafsiri. Lakini Bwana Mkubwa aliuliza yule mwanamke anataka nini, na askari mmoja aliyejua lugha zote mbili, mwenye hamu ya kuonekana, akamweleza neno kwa neno. Bwana Mkubwa akamtazama Hezroni vizuri kwa mara ya kwanza. Akanyoosha kidole: tena.

Hezroni alimtazama dada yake. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Angetile aliusoma ule mtikiso kuwa ni woga, akaona haya kwa niaba yake, na pete ilipoachiwa akafanya lile ambalo baadaye angetoa chochote alicho nacho lisiwe limetendeka. Alimwita kwa jina la baba yao. Kwao, mtu akiitwa hadharani kwa jina la baba yake marehemu, haachi kuitika.

"Zebedayo! Zebedayo yuko wapi?"

Mkono wa Hezroni ukaitika. Mkuki ukapita katikati ya pete na kuichoma ardhini, ikasimama pale inatetemeka. Vigelegele vya Angetile vilipanda peke yavyo. Alipiga, akapiga tena, mpaka akagundua hakuna anayempokea. Anyisile alikuwa ameshika mdomo. Jumbe alikuwa anatazama miguu yake. Askari wawili walikuwa wamemshika Hezroni mabega, na Bwana Mkubwa alikuwa anampigia makofi.

Mkalimani ndiye aliyemweleza yote, kwa maneno machache, bila kumtazama usoni.

Alikimbia nyumbani kwake, akafunga ndizi za kupika na samaki wakavu kwenye majani, akakimbia tena njia ya bomani hadi akawafikia. Askari wa nyuma alimruhusu atembee na nduguye kipande kidogo.

"Mbona hamkuniambia?" Alikuwa analia hadi maneno yanakatika. "Hezroni, mbona hamkuniambia mimi?"

"Ungeweza kukaa nalo, dada?"

Angetile alitaka kusema ndiyo. Alilitafuta lile ndiyo kwa hatua kadhaa, na hakulipata.

"Mimi ndiye niliyetupa," Hezroni akasema. "Ningeweza kukosa hata ungeita jina la nani. Mwambie Marta nilijisahau, nikataka sifa. Watu walikuwa wengi, kila mtu anapiga kelele, nani atajua sauti ilikuwa ya nani? Mwambie hivyo. Usimpe sababu ya kukuchukia, maana wewe ndiye utakayempokelea mtoto."

Askari akasema basi. Hezroni akapokea chakula kwa mikono miwili. "Ndaga, asante, dada," akasema, kama mtu anayekwenda shambani tu.

Njia nzima ya kurudi Angetile aliyapanga yale maneno. Alijisahau. Alitaka sifa. Yalikuwa maneno mepesi, na mwenyewe amempa ruhusa. Alimkuta Marta ameketi mlangoni, mikono juu ya tumbo, hajawasha moto.

"Wamemchukua," Angetile akasema.

"Najua."

Akakaa chini kando yake. Akafungua mdomo aseme alivyoagizwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yakakataa kutoka.

"Marta," akasema mwishowe, "ni mimi niliyemwita."

Marta hakugeuka.

"Nilikusikia, wifi," akasema. "Nilikuwa hapahapa, nakuomba unyamaze."