Sauti ya Wujigra

Baba yangu, Wubneh, alikuwa na sheria moja tu kuhusu bunduki yake: ipakwe mafuta, ifungwe kwa shuka safi, na tupa ya mhunzi isiiguse kamwe. Mimi Yigzaw, mwanawe wa pekee, niliipeleka kwa mhunzi na tupa ikaigusa. Msumeno pia.

Ilikuwa Wujigra, bunduki ya Kifaransa ya enzi za babu, inayomeza risasi moja nene kama kidole gumba. Unapiga, unafungua, unaanza upya. Baba alipigana nayo na Mtaliano miaka mitano. Risasi zake ziliacha kuja zamani, akawa anajaza upya maganda yale yale ya shaba kwa baruti ya kusaga nyumbani, hadi yakapasuka midomo. Ilipolia, moshi uliwatoa watu machozi, na bonde zima la mto Abay lilijua kwamba huyo ni Wubneh.

Mwaka ule nyani walitumalizia mtama. Nilikuwa na bunduki ukutani na maganda mabovu, huku risasi nyembamba za Kitaliano zikiuzwa sokoni kama vitunguu. Mhunzi akaukata mtutu wa zamani, akafunga wa Kitaliano mahali pake. Bado ilikuwa ya risasi moja, bado ilikuwa na kitako kile kile chenye misumari ya shaba. Siku ya kwanza niliua nyani wanne. Nilifurahi, sitasema uongo. Baba masikio yake yalikwisha kumalizwa na bunduki hiyo hiyo, na macho yake hayakufika ukutani. Hakujua lolote.

"Utamwambia lini?" aliniuliza mke wangu, Yeshi.

"Baada ya Pasaka."

"Pasaka ipi, shujaa wa nyani?"

Zikapita Pasaka mbili. Ndipo baba akaanguka kitandani, na mguu ukavimba, na sote tukajua. Akanishika mkono.

"Niitie Bezabih."

Bezabih aliishi ng'ambo ya bonde. Vitani walikula injera moja na kulala chini ya shuka moja. Vita vilipokwisha, baba alitoa ushahidi dhidi yake kwenye kesi ya shamba, Bezabih akanyang'anywa shamba, na kwa miaka kumi na tisa hawakupeana hata salamu. Padri wetu alipokwenda kuwapatanisha, Bezabih alimjibu: "Wajumbe sitaki. Wubneh akinihitaji, aniite kwa Wujigra, mara tatu, kama vitani. Nikiisikia nitakuja, na shamba sitalitaja." Baba alikuwa na kiburi, akaiweka ahadi hiyo akiba. Sasa alikuwa ameifikia.

Asubuhi nilisimama ukingoni mwa bonde nikapiga mara tatu, nikipumzika kila baada ya mlio, kama alivyonielekeza. Ta. Ta. Ta. Kijisauti kikavu, kama mtu anavunja kuni. Hata moshi haukuwepo. Nilirudi ndani.

"Umepiga?"

"Nimepiga, baba!" nilimpigia kelele sikioni.

"Zamani nilikuwa naihisi hapa." Aligusa kifua. "Leo sikuhisi kitu. Mwili umekwisha, mwanangu."

Yeshi alinivuta nje kwa shuka langu. "Shuka bondeni ukamlete yule mzee!"

"Nimwambie nini? Alisema hataki wajumbe."

"Mwambie umeikata bunduki! Basi! Aibu yako ina uzito gani hata ikushinde kupanda mlima?"

"Labda amesikia."

"Yigzaw. Hata kuku wetu hawakushtuka."

Kwenda na kurudi ni siku moja na nusu. Ningeweza. Nilisema kesho, na kesho yake nikasema tungoje kidogo. Baba aliomba kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni. Alimwambia Yeshi akaange kahawa na atenge kile kikombe kisicho na ufa. Kahawa ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

Siku ya tatu akasema, "Basi. Bezabih hakunisamehe. Ana haki yake."

Alikuwa akiutazama mdomo wangu kwa karibu, kama viziwi wafanyavyo, akingoja niseme neno. Nikasema, "Kunywa maji, baba." Hakuyanywa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe.

Pembe ya msiba ilipopulizwa, sauti ilivuka bonde, na kesho yake Bezabih akafika, mzee amekauka, magoti yana vumbi, analia kwa sauti bila kujifuta.

"Mbona hakuniita? Miaka yote nimelala sikio likielekea huku! Mbona hakuniita, Yigzaw?"

Kwetu, bunduki ya marehemu hupewa rafiki yake wa vita, aizungushe juu akitaja matendo yake mbele ya waombolezaji. Watu wakampa Wujigra. Akaiinua, akafungua kinywa kuanza, kisha akaishusha. Akajaribu kuingiza kidole chake kidogo kwenye mdomo wa mtutu. Hakikuingia.

Alinijia karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Majuzi asubuhi nilisikia milio mitatu, na mapumziko yake. Nikajiambia, vijana wanafukuza nyani."

"Ni mimi niliyepiga, mzee Bezabih."

"Na yeye? Alikufa akijua nini?"

Nilitamani anipige. Niliangalia watu, niliangalia kaburi, nikamwangalia yeye.

"Alikufa akijua hukumsamehe."

Bezabih akanirudishia bunduki, akaniwekea mikononi taratibu kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala. Kisha akaenda kwenye kaburi mikono mitupu, akayataja matendo ya baba yangu yote, kuanzia la kwanza, akipaza sauti kwa nguvu zote, kwa sababu Wubneh alikuwa kiziwi.